Mtu Aliyeketi juu ya Ampli

Mkuu wa orkestra yetu pale Kasongo alisikiliza besi kwa makalio. Sisemi hivyo ili kumtukana, ingawa nimetamani kumtukana kwa muda mrefu. Alikuwa na ampli moja ya kukuzia sauti ya besi, nyeusi, nzito, aliyoifunika kitenge cha mke wake, na kila tulipopiga muziki aliketi juu yake, miguu imeachana, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kutengewa chakula. Kila noti niliyoipiga ilipita kwanza mwilini mwake. Nikikosea, aligeuza shingo polepole.

"Mwana, umekanyaga pembeni."

Tulimwita Prezida, kama wanavyoitwa wakuu wa vikundi vyote kwetu. Gitaa la besi lilikuwa lake, ngoma zake, ampli yake. Mali yangu mimi ilikuwa vidole tu, na hivyo navyo hakuacha kuvisema.

Ampli ilisafiri kwa heshima kuliko sisi. Tukialikwa Kabambare, njia ni ya pikipiki na matope, na ampli ilichukua pikipiki nzima peke yake, imefungwa kwa mipira nyuma ya motari, dereva wa pikipiki, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwa hiyo kila safari mtu mmoja alibaki. Aliyebaki alikuwa mama mmoja mwimbaji, mwenye sauti nene yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sauti ambayo ndiyo iliyonifanya nitake kupiga besi, ili niwe chini yake nikiibeba.

"Mama, mwimbaji tutapata kule," Prezida alikuwa akimwambia. "Ampli hatutapata."

"Sawa, Prezida. Ikiimba vizuri utanielezea."

Kisha dada yangu akaniletea kisanduku kutoka Bukavu. Kinaingia katika mkoba wa mkono. Ndani yake kuna nakala za ampli nyingi: jinsi hii inavyonguruma, jinsi ile inavyokwaruza ukiizidishia nguvu, hata namna spika yake inavyosukuma hewa mbele ya mikrofoni. Unachomeka gitaa upande huu, waya wa upande wa pili unakwenda moja kwa moja kwenye meza ya fundi wa sauti, na watu wanasikia ampli ambayo haipo. Nilishinda nacho nyumbani, visikizi masikioni, nikihama kutoka ampli hadi ampli kama mtu aliyepewa funguo za nyumba za watu. Siku nilipoipata sauti iliyofanana na ya mama yule, nene yenye mkwaruzo mwishoni, niliondoa visikizi, nikavirudisha, nikaipiga tena.

Nilipokipeleka mazoezini, Prezida aliamuru nikichomeke kwenye ampli yake. Nikatii. Sauti ilitoka butu, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi, kwa sababu nilipitisha nakala ya spika ndani ya spika ya kweli. Ningezima ile nakala, ingekuwa sawa. Nililijua hilo baadaye, yeye akiwa amekwisha kucheka.

"Ampli yangu imekula ampli yako," alisema, akaipigapiga ubavuni kama mbwa wake.

Mwaliko wa harusi Kabambare ulikuja wakati wa mvua. Motari wengi walikataa njia ile, pikipiki zikapungua. Nikasema: tuache ampli, tumchukue mama. Mpiga ngoma akaniunga mkono, akitazama chini. Prezida akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko hasira yake.

"Sawa. Tutaenda na kisanduku. Kikiniaibisha, gitare unarudisha. Mudogo wangu iko anaingojea."

Mdogo wake huyo hakujua kufunga hata nyuzi. Tukaondoka.

Kabambare tulipiga mchana, mbele ya hema la harusi. Fundi wa sauti wa pale alikuwa amepanga bafle zake, spika kubwa, mbele, zikiwatazama wageni, nasi tulikuwa nyuma yazo. Nikachomeka. Noti ya kwanza ilikwenda, ikagonga kuta za maduka ng'ambo ya barabara, ikanirudia ikiwa nzito na tamu. Wanawake wa upande wa bibi harusi wakainuka, viatu mkononi kwa ajili ya matope.

Lakini nyuma tulipokuwa sisi palikuwa pakavu. Prezida alisimama nyuma yetu bila kiti, akiwa hajui mikono yake aiweke wapi. Katikati ya wimbo aliinua mkono akatukatisha, akachukua mikrofoni.

"Besi iko wapi?"

Harusi nzima ikageuka.

"Iko mbele, Prezida," nikasema. "Shuka usikie."

"Mimi nishuke?"

Fundi wa sauti akajibu kutoka mezani kwake: "Prezida, huku besi iko inatupiga mu tumbo. Acha wapige."

"Weye kaa na nyaya zako."

Zilikuwa hatua chache tu hadi kule wageni walikokuwa wakicheza. Hakwenda. Angeshuka, angekuwa mtu kati ya watu, na hilo hakuliweza.

Kilichoniuma zaidi kilitoka kwa mpiga ngoma. "Kaka, hata mimi sisikii," aliniambia sikioni. "Nafuata vidole vyako tu." Alisema kweli. Ampli humwaga sauti mgongoni mwa wapigaji. Kisanduku kilikuwa kinaipeleka yote mbele na kutuacha wakavu. Nyumbani nilikuwa na visikizi, sikuwa na mpiga ngoma. Nikamwomba fundi bafle moja ndogo atugeuzie sisi. Akaileta, akaiweka kando ya ngoma.

Prezida aliitazama. Kisha akaenda, akaketi juu yake.

Tukaanza upya. Mama akaimba, nami nikaingia chini yake. Nikaiona sauti ikimwingia Prezida. Goti lake la kushoto lilianza kutikisika. Akaweka kiganja juu yake akalikandamiza, na hakuondoa mkono hadi wimbo ukaisha, uso mkavu, goti likipigana naye chini ya kiganja. Wageni walipoomba turudie, aligeuza shingo.

"Kipande ya katikati. Umekanyaga pembeni."

Baada ya harusi watu walimzunguka mama na mimi, wakataka kukishika kisanduku. Prezida alikula peke yake.

Tuliporudi Kasongo alikuja kwetu asubuhi moja, nikiwa nafua. Hakuketi. Aliingia ndani, akalitoa gitaa na mfuko wake.

"Kisanduku hakikukuaibisha, Prezida."

"Hapana. Kilipiga vizuri."

"Sasa?"

"Kule Kabambare watu walisalimia nani?" Akafunga zipu taratibu hadi mwisho. "Kisanduku ni yako. Gitare ni yangu."

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nilimtazama akitoka na nikamchukia kwa utulivu, kama mtu anavyoamua jambo, na uamuzi huo sijaubadili.

Juzi orkestra ilialikwa kule Wamaza. Nilisimama kando ya njia na yule mama, kwa maana naye alikuwa ameachwa tena. Pikipiki zikapita: mpiga ngoma, ambaye hakututazama, mdogo wake Prezida na gitaa mgongoni, Prezida mwenyewe, na ya mwisho ampli, imefungwa kwa mipira, kitenge kikipepea.

"Kile kisanduku bado kinafanya kazi?" mama akauliza.

"Kinafanya. Sina cha kuchomeka."

Aliisindikiza ampli kwa macho hadi njia ilipoanza kushuka kwenye matope.

"Ianguke," alisema, bila kupandisha sauti.

"Ianguke, mama," nikaitikia.