Mkono wa Tatu

Ni mimi niliyempiga. Kwa miezi saba nimekana: nilikana mbele ya polisi, nilikana kwa mwenye duka, nilikana kwa mama yangu, aliyeniuliza mara moja tu na hakurudia. Chuo kikuu hakikunifundisha kunyamaza, lakini kilinifundisha kuandika sentensi isiyo na mtu ndani yake. "Jino lilivunjika gizani," niliandika katika maelezo yangu, na askari akanisifu kwa mwandiko.

Tulikuwa wapenzi watatu wa jazi hapa Kilindoni, na sidhani kama Mafia nzima ilikuwa na wa nne. Wa kwanza ni mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka Bara Hindi, na ambaye alirithi duka, ghala na santuri za baba yake. Wa pili mpiga tarumbeta wa beni za harusi, mtu wa Baleni, mkulima wa mihogo siku ambazo hakuna anayeoa. Wa tatu mimi, niliyerudi kisiwani na vitabu vingi na wasikilizaji wachache. Kila Jumapili baada ya adhuhuri tulijifungia ghalani nyuma ya duka, tukaziba madirisha kwa majora ya vitambaa ili kelele za bodaboda zisiingie, na mmoja wetu kwa zamu akatusikilizisha sahani ya santuri anayoipenda. Mwenye zamu ndiye mwenye sindano ya gramafoni ya umeme. Wengine hawaigusi.

Watu hudhani kusikiliza muziki pamoja ni jambo la upole. Mwenye duka aliwahi kunirushia kikombe cha chai ya moto kwa kuwa nilipiga miayo besi ikizungumza. Siku mwenye duka aliponyoosha mkono kupunguza sauti, mpiga tarumbeta alimng'ata, na alama za meno zikakaa wiki mbili. Mimi nilichana jalada la sahani ya piano mbele ya mwenyewe, nikaenda nyumbani nikijiona mhakiki. Jumapili iliyofuata tulikuwepo sote, kila mtu na bandeji yake.

Siku yenyewe zamu ilikuwa ya mpiga tarumbeta. Kwenye sahani yake kuna mahali tarumbeta inapanda, inapanda, kisha sauti inapasuka kama kitambaa kinachochanwa. Alisema hapo ndipo pazuri kuliko pote, na kwamba mpulizaji aliipasua kwa makusudi. Nikasema mtu amekosea, midomo imechoka, basi. Akarudisha sindano. Akairudisha tena. Kufikia mara ya sita nilikuwa nimesimama na chuma cha kupimia vitambaa mkononi, nikionyesha hewani mahali kosa linapoanzia, kama niliye mbele ya darasa la watu mia.

"Wewe dada umesoma mpaka masikio yameziba," akasema. "Hujawahi kupuliza hata firimbi ya refa."

"Na wewe kaka unapuliza harusi mpaka maharusi wanaachana."

Mwenye duka akacheka. Mpiga tarumbeta akamsukuma, mwenye duka akamrukia shingoni, rafu ya vitenge ikaporomoka, na hapo hapo umeme ukakatika. Muziki ukafa katikati ya pumzi. Giza la ghala lile ni giza kweli, hata saa nane mchana. Nilisikia watu wawili wakihema na kugongana na kuta. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa naamua ugomvi. Nilimlenga yeye, na nilijua mdomo wake ulipo kwa sababu ulikuwa bado unasema, "Makusudi."

Chuma kiligonga kitu laini, kisha kitu kigumu.

Tulipofungua mlango, mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka karibu kufika puani na jino la mbele limekatika nusu. Damu ilikuwa imelowesha jora zima la bafta, ile nyeupe ya kukatia sanda. Mwenye duka alipiga magoti kutafuta kipande cha jino kati ya vitenge. Mimi nilikisukuma chuma nyuma ya majora kwa mguu.

Hospitali walimshona. Ndugu zake hawakuiamini habari yetu kwamba rafu ilimwangukia. Siku ya tatu walikuja kutoka Baleni, wakamburuta mwenye duka nje ya kaunta kwa ndevu zake, wakampiga mateke mpaka mbavu mbili zikavunjika, kisha wakatoa gramafoni barabarani wakaipasua kwa shoka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nanunua nyanya. Niliendelea kuchagua nyanya.

Mpiga tarumbeta mwenyewe hakuzungumza na mtu. Beni ikatafuta mpulizaji mwingine. Swali lilikuwa moja tu, je, ataweza kupuliza tena, na hakuna aliyeliuliza kwa bidii kama mimi. Akipuliza, niliwaza, nitaweza kukana kwa amani.

Juzi alasiri simu iliita. Jina lake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Pumzi ilikuwa ikipita kwenye pengo la jino. "Mwenye duka alinikaba kwa mikono yake yote miwili. Nimeikumbuka kila siku, huu hapa, huu hapa. Mkono wa tatu ulikuwa wa nani?"

Nilitafuta sentensi isiyo na mtu ndani yake. Sikuipata.

"Wangu," nikasema.

"Haya. Sikiliza."

Akaweka simu juu ya kitu kigumu. Tarumbeta ikaanza kupanda, mahali pale pale petu, ikapanda, ikapasuka. Akarudia, ikapasuka. Kisha akapuliza ule wimbo wa kumtoa bibi harusi chumbani, ambao kila mtu hapa anaujua tangu utotoni, nao ukapasuka katikati, ukaendelea kuchechemea, ukapasuka tena. Akaacha. Nilimsikia akitema mate kabla ya kuichukua simu.

"Sikusudii," akasema. "Inatoka yenyewe. Yule bwana wa kwenye sahani alikosea, dada. Ulikuwa sahihi."

Nikaanza kusema neno.

"Kamwambie mwenye duka mkono ulikuwa wa nani," akasema, akakata.