Baba Aliyejifungua Ghorofa ya Tatu

Mume wangu alipostaafu kazi ya reli, nilimwomba Mungu ampe shughuli yoyote ya kumtoa nyumbani, hata kama ni siasa. Mungu akampa samaki. Tena samaki wenyewe si wa kula.

Tunaishi ghorofa ya tatu, Gerezani. Duka langu la vyombo vya plastiki liko Kariakoo, dakika kumi kwa mguu, au ishirini kama unasalimia watu. Kwa miaka thelathini mume wangu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka na treni, analala nyumbani siku mbili, anapotea kumi, na nadhani ndoa yetu ilidumu kwa sababu hiyo. Alipostaafu alianza kunipangia kabati la vyombo. Nikajua hapa tutaachana uzeeni.

Siku moja alienda Feri kununua samaki wa mchana, akarudi na kopo la rangi. Ndani mlikuwa na farasi wa baharini wawili, hai, kila mmoja urefu wa kidole. Mvuvi mmoja wa Kigamboni aliwanasa kwenye wavu wa uduvi. Alimweleza kwamba huwa anawakausha na kuwauzia watu wanaoamini ni dawa ya pumu na ya nguvu za kiume. Nilimuuliza mume wangu kama amenunua kwa ajili ya pumu. Akasema yeye hana pumu. Nikawa na matumaini.

Lakini hakuwa na nia ya kuwakausha. Aliwaweka kwenye beseni langu la kioo, akaongezea maji ya bomba na chumvi ya jikoni, kwa hesabu yake mwenyewe. Hawakufika chakula cha mchana cha siku ya pili. Mimi nilicheka. Yeye alikaa kwenye kochi siku mbili kama mfiwa, hata redio hakuwasha.

Siku ya tatu alinyanyuka na kuanza upya, safari hii kwa utaratibu wa mtu wa reli. Fundi vioo wa Buguruni alimtengenezea tangi refu kwenda juu, kwa sababu viumbe hawa hucheza kwa kupanda na kushuka. Alichukua madumu yangu mapya ya dukani, bila kuniomba, akawa anavuka na pantoni kwenda Kigamboni kuchota maji safi ya bahari. Mvuvi yule alimwambia maji lazima yakae kwanza, yakomae. Basi kwa wiki sita tulikuwa na tangi la maji sebuleni, lina pampu, chujio na taa, halina hata kiluwiluwi. Wageni walikuwa wanakaribishwa kuyaangalia.

Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa Lindi anayeishi chini, alipanda ngazi zote zile kuja kujionea. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye tangi. Aliuliza kuna nini mle ndani. Mume wangu akamjibu kwamba kwa sasa hamna kitu. Mama akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi, maji ya bahari yaliyokaa nyumbani bila kazi yana wenyewe. Alisoma dua fupi mlangoni, akashuka.

Maji yalipokomaa, mvuvi akaleta jozi nyingine, dume na jike. Nakiri walikuwa na sura ya kuchekesha: kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na macho ambayo moja linakuangalia wewe na jingine linaangalia mambo yake. Hawawezi kuogelea vizuri, kwa hiyo wanahitaji kitu cha kushika. Mume wangu alizamisha hanga langu la nguo la kijani, wakalizungushia mikia wakatulia. Kila asubuhi jike alikuwa anamfuata dume, wanabadilika rangi kidogo, wanashikana mikia, wanazunguka pamoja kama wanacheza taarabu. Mimi na mwenzangu pembeni tulikuwa tunaulizana kama gesi imeisha.

Hawana tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo wanakula mara kwa mara, na wanataka uduvi hai. Mtu ambaye hakuwahi kujua unga wa uji wa wanawe unakaa wapi, sasa alikuwa na ratiba ya milo ukutani. Iliniuma, siwezi kudanganya. Niliifuta ratiba siku moja nikijifanya nasafisha ukuta. Akaiandika tena.

Nilichoshindwa kukwepa ni siku umeme ulipokatika. Ilikuwa Jumapili mchana, yeye amevuka kwenda kuchota maji, mimi niko peke yangu nyumbani. Pampu ilinyamaza. Baada ya muda wale wawili wakapanda juu ya maji wakihema. Niliwaambia wazi kwamba mimi si mume wangu. Kisha nikachukua jagi, nikawa nachota na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Saa tatu nzima, nikiwa na nguo za kanisani, mkono unaniwaka. Mume wangu aliporudi alinikuta hivyo. Alinipokea jagi, akaendelea yeye. Kesho yake alileta betri ya lori na kuiweka chini ya meza kwa ajili ya pampu.

Miezi miwili baadaye dume alianza kuvimba tumbo. Nilidhani kashiba. Mume wangu akanieleza, kwa sauti ya kujivuna utadhani tumbo ni lake, kwamba kwa hawa mama anatia mayai kwenye mfuko wa baba, na mimba inabebwa na baba. Niliomba arudie mara ya pili, kwa raha tu ya kusikia.

Zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu Jumamosi moja. Majirani wa kanisani huja asubuhi kusali rozari, tunakunywa chai, wanaenda kazini. Mwenyekiti wetu ni mama mjane, mkunga mstaafu, ambaye hukuangalia kiuno kabla hajakuangalia usoni. Tulikuwa kwenye matendo ya furaha, tumefika la tatu, Yesu anazaliwa Bethlehemu. Hapo ndipo mume wangu, aliyekuwa amekaa karibu na tangi, aliposimama katikati ya Salamu Maria.

Dume alikuwa ameshika hanga, anajikunja na kujikunjua. Kila akijikunja, mfuko unafunguka, na watoto wanarushwa nje, wadogo kama ukucha, kila mmoja na kichwa chake cha farasi. Sala ilikufa yenyewe. Watu kumi na wanne wakasogea, rozari mikononi. Wanaume walikunja nyuso kana kwamba wao ndio wanaoumwa. Mkunga alisukuma watu, akainama hadi pua ikagusa kioo, akabaki hivyo mpaka mfuko ulipolegea.

"Nimezalisha wanawake miaka arobaini," alisema. "Kumbe Mungu alikuwa anajua namna nyingine, akanyamaza."

Hakuna aliyemkemea. Tulirudi tukamalizia tendo la tatu, maana kuliruka ilikuwa aibu.

Watoto walikuwa zaidi ya mia. Mume wangu aliwatotoleshea chakula kwenye chupa za soda, vijidudu vya baharini vidogo kama vumbi. Hakikusaidia sana. Kila asubuhi aliwakuta wengine wamelala chini, akawa anawatoa mmoja mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mkunga alimwambia ndivyo walivyo hawa, wanazaa wengi kwa sababu wanajua wengi hawataishi. Hakufarijika.

Siku ya nne nilirudi mapema kutoka dukani nikamkuta amekaa mbele ya tangi, bomba mkononi, hatoi kitu. Mtoto wetu wa pili alifariki akiwa na siku nne. Mume wangu alikuwa Kigoma, alifika tumeshamzika. Hatukuwahi kulizungumza. Nilikaa pembeni yake bila hata kuvua viatu.

"Baada ya yule mtoto," alisema, "zile safari ndefu sikuwa napangiwa. Nilikuwa naziomba."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kila akiingia nyumbani alikuwa anaona mahali palipokaa kitanda cha mtoto. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa napaona kila siku, na sikuwa na treni. Nilimwambia pia alikuwa mjinga. Akakubali, bila kujitetea, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi yale alilitaja jina la mtoto. Tulilia kidogo, kisha nikamuuliza kama samaki wamekula. Walikuwa hawajala. Nikashika chupa mimi.

Waliobaki walikuwa tisa. Walikula wakakua, na walipofika urefu wa nusu kidole, mume wangu akasema tangi haliwatoshi. Tuliwaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, tukavuka Kigamboni, na mvuvi akatupeleka kwenye majani ya bahari, maji yamekupwa yanafika magotini. Mvuvi aliuliza, akicheka, afanye nini akiwakuta wavuni. Mume wangu akamjibu awarudishe. Mvuvi akasema atalifikiria.

Wanane waliondoka vizuri. Wa tisa alizungusha mkia kwenye kidole kidogo cha mume wangu akakataa kuachia. Mvuvi alisema amtikise. Mume wangu hakumtikisa. Alisimama pale na suruali yake nzuri imelowa, mkono ndani ya maji. Maji yalikuwa yanaanza kujaa, yamenifika juu ya magoti. Nilimwambia nina njaa. Akasema tumsubiri kidogo.

Tukamsubiri.