Ottilia Kinunda na Usafi wa Katibu

Ukitaka kumjua Katibu Cuthbert, mtazame wiki ile kituo chake cha afya kinaposubiri wageni. Jina la kituo silitaji, maana wakubwa wa ufukwe wa Nyasa wana masikio marefu, ila ukitoka Liuli kwa pikipiki na kula vumbi la kutosha utakifikia. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Nyasi zinafyekwa mpaka ardhi inabaki uchi. Vitanda vibovu vinatupwa nyuma ya choo, na mlinzi anavalishwa koti ambalo wiki nyingine zote hulala kabatini. Wagonjwa nao, ingewezekana, angewafagilia uani ili wageni wakute mashuka hayana mikunjo.

Lakini habari hii si yake; ingekuwa yake angefurahi mno. Ni ya Ottilia Kinunda, binti wa Kimatengo kutoka Ruanda, kijiji cha milimani Mbinga, aliyekuwa na mwaka wa nne pale kama karani wa kujitolea. Kujitolea! Neno hilo ni tamu sana kinywani mwa mwenye mshahara. Kila Januari Katibu alimwambia avumilie kidogo, ajira iko njiani, na kila Desemba ajira ilikuwa bado inatembea. Wanawake wa ufukweni walimtania kwamba mtu wa mlimani anamjua usipa, dagaa wa ziwa lao, akiwa mkavu tu. Yeye alicheka nao, akajifunza kula ugali wa muhogo, akaendelea kupanga mafaili.

Shida ya kituo ilikuwa mawasiliano. Mtandao wa simu ukinusa mvua tu unakata, na wodi ya wazazi iko chini karibu na maji, maabara iko juu kilimani. Nesi Luisa wa wodini akitaka damu ipimwe haraka, anatuma mtu apande mbio na kikaratasi. Ottilia aliwaona wakihema mbele ya dirisha lake kila siku, akachoka kwa niaba yao. Alikuwa na cheti chake cha kompyuta alichosomea Songea, na tofauti na wengi hakukifungia kwenye fremu. Akasoma, akauliza, akagundua kwamba programu ya kuchati inaweza kukaa ndani ya kompyuta ya masjala, na simu za wahudumu zikaifikia kupitia kile kifaa cha waifai cha ofisini, bila kuhitaji mtandao wa nje hata chembe. Programu yenyewe huja imefungwa pamoja na kila inachohitaji, kama mtu anayehama na mafiga yake. Kifurushi hicho wataalamu wanakiita kontena. Ottilia alihitaji mawili: moja la programu, la pili la kutunza meseji.

Kuyapakua akiwa ufukweni ingekuwa kujitafutia kichaa. Akaomba ruhusa ya siku mbili aende Mbinga mjini, kwenye duka la stashonari la binamu yake. Katibu alipoambiwa anafuata makontena, aliuliza yatashushiwa wapi, kwa sababu uwanja ule ni wa magari ya wageni. Ottilia alimweleza kwa adabu. Katibu akatikisa kichwa taratibu, akijifanya alikuwa anampima. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi akarudi na mzigo wake kwenye flashi, akaandika faili moja fupi la maelekezo, akatoa amri, na makontena yakaanza kazi. Luisa aliandika kutoka wodini, maabara ikajibu papo hapo, na mtu wa kukimbia akapata nafasi ya kukaa. Watu walifurahi kweli. Wiki ya tatu Ottilia akataka kurekebisha kitu kidogo, akalifuta kontena la meseji aliunde upya. Likaja jipya, safi, tupu. Meseji zote za wiki tatu zilikuwa zimekaa ndani ya lile la zamani, na zilikwenda nalo.

Katibu hakuiacha nafasi hiyo ipite. Kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote, akasema kazi ya kompyuta haitaki mikono iliyozoea jembe. Wawili watatu walicheka, kwa sababu bosi alikuwa anasubiri wacheke. Ottilia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jumapili ile alikuwa kwao Ruanda. Mama yake, Bi Katarina, alikuwa ameshapanga nyasi kavu miraba miraba kwenye mteremko, na kesho yake wote wawili wakaingia kuchimba ngolo: unatoa udongo katikati ya mraba, unafukia nyasi pembeni, linabaki shimo. Mvua ikija na hasira zake, maji na udongo vinaishia shimoni, shamba halishuki bondeni. Ottilia alikuwa amelifanya hilo tangu akiwa na miaka saba, bila kuwaza chochote. Siku hiyo alisimama na jembe mkononi, akajicheka peke yake. Alikuwa amelima kwenye mteremko bila ngolo, yeye, Mmatengo!

Akarudi ufukweni, akaongeza mistari miwili kwenye faili lake: meseji zisikae ndani ya kontena, zikae kwenye hifadhi yake nje, ndani ya kompyuta ileile. Kontena likifutwa, likaundwa tena, linazikuta meseji palepale zilipo. Akalieleza jambo hilo kikaoni, kwa mfano wa ngolo, hata mpishi akaelewa. Katibu wakati huo alikuwa anatazama video kwenye simu.

Miezi sita ikapita bila ujumbe kupotea. Ndipo ikaja barua kutoka kwa wafadhili: wamesikia habari za mfumo ule, watatuma wageni wakiongozwa na Mama Violet kuuona, na mtu aliyeufunga ataajiriwa rasmi kuusimamia. Ottilia aliisoma barua hiyo mara tatu. Miaka minne ilikuwa imepata mlango.

Siku mbili kabla ya ugeni, simu yake ikalia. Katibu alikuwa ofisini kwake, hatua ishirini kutoka masjala, lakini wako wanaume ambao ushujaa wao wote uko kwenye vidole. Alikuwa ameandika hivi, kwenye mfumo uleule:

"Ottilia, siku ya wageni utakuwa jikoni upande wa chai. Mfumo nitaueleza mimi. Ukiulizwa, sema niliufunga mimi, wewe ulinisaidia kupiga chapa. Jina la ajira nimeshapeleka la Urbani."

Urbani ni mtoto wa dada yake. Cheti anacho, kinaning'inia sebuleni kwao pamoja na picha ya mahafali.

Ottilia alilia. Alijifungia masjala, akalia kati ya mafaili, akawaza kufunga begi arudi Ruanda akalime kahawa ya mama yake. Kisha akajibu kwamba ujumbe ameuona, akanawa uso, akaenda kuhesabu vikombe.

Asubuhi ya ugeni chokaa ilikuwa bado mbichi kwenye mawe. Katibu alizunguka kituo kizima akikagua usafi, akafika masjala, akaitazama kompyuta, na hapo ndipo alipokumbuka aliyoyaandika. Akamwita Urbani, akamuuliza kama maneno yanaweza kusafishwa. Urbani akafungua orodha ya makontena, akaona kila moja lina alama ya pipa la taka pembeni, akabofya la kwanza, akabofya la pili. "Kwisha, mjomba," akasema. Katibu akashusha pumzi. Kwake yeye kompyuta na ua wa kituo ni kitu kimoja: kinachokuaibisha unakitupa nyuma ya choo.

Saa nne wageni walikuwa wamekaa mbele ya ukuta mweupe, projekta inawaka. Katibu akahutubia. Alisema "nilipoubuni mfumo huu" mara nne, Luisa alizihesabu. Mama Violet, mwanamke wa makamo asiye na haraka, akaomba sasa wauone ukifanya kazi. Urbani akabofya hapa, akabofya pale. Ukutani yakatokea maandishi kwamba seva haipatikani. Akazima, akawasha, maandishi yakarudi. Dakika kumi Mama Violet alikunja mikono na kusubiri, na jasho la Katibu likaanza kupenya kola.

"Mwiteni yule binti wa chai," Katibu akasema mwishowe. "Huwa ananisaidia kupiga chapa."

Ottilia akaja na mikono imelowa, akajifuta kwenye khanga, akamwamkia Mama Violet shikamoo. Akatazama orodha, akaona iko tupu, akaelewa makontena yamefutwa. Hakuuliza nani. Akaandika amri yake, mstari mmoja, makontena yakaundwa upya mbele ya macho ya watu, akafungua ukurasa.

Sasa sikiliza. Siku moja kabla Katibu alikuwa ameagiza mwenyewe kwamba kompyuta ile ifunguliwe kwa akaunti yake, ili wageni waone jina lake na cheo chake juu ukutani. Jina lilionekana, na cheo pia. Na chini yake yakafunguka mazungumzo yake ya mwisho, kwa herufi kubwa, ukuta mzima.

Ottilia alinyoosha mkono kuufunga ukurasa, kwa aibu ya kufundishwa nyumbani, lakini Mama Violet akamwambia auache. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama tangazo la ndoa kanisani, neno kwa neno mpaka kwa Urbani.

Katibu akamgeukia mpwa wake, akasahau kwamba hawako wawili tu. "Si ulisema umefuta?"

Loo! Hata maabara ingepima namna gani, isingetoa majibu safi kuliko hayo. Mama Violet akavua miwani, akauliza Ottilia ni nani.

"Ni mimi, mama. Wa chai."

Mama Violet akamwomba jina lake kamili, akaliandika mwenyewe, akamtaka alitazame kama amelipatia. Barua ya ajira ilifika kabla ya msimu wa kuchuma kahawa, na Bi Katarina akaipeleka kanisani ikaombewe.

Katibu bado ni katibu. Watu wa namna yake hawang'oki upesi hivyo. Mawe bado anayapaka chokaa. Ila kwenye mfumo haandiki tena hata salamu. Akiwa na neno na Ottilia, anainuka kitini, anatembea zile hatua ishirini kwa miguu yake, anapiga hodi, na anasubiri mlangoni mpaka aambiwe karibu.