Siku Tatu za Kung'arisha Silinda ya Mama

Harufu ya oili iliyoungua hunitia wasiwasi mpaka leo. Nikiisikia hapa Songea, hata ikiwa ni pikipiki tu inayopita, miguu hutaka kukimbia, nami narudi Mbinga, msimu ule ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani kufuata kahawa, na chama chetu cha ushirika kikaanza kuyumba. Mama alikuwa amenunua mashine ya kusaga ya dizeli, ya mtumba, na ndiyo iliyotulisha. Nilikuwa na miaka kumi na moja na mikono isiyotulia. Nikikosa cha kushika, nilibandua udongo ukutani.

Mashine ilipochoka, Fundi Beda aliifungua, akaweka silinda mpya na kuisugua ndani kwa msasa, mkono ukizunguka huku ukipanda na kushuka, hadi chuma kikajaa mikwaruzo myembamba inayokatana. Akaifunika kwa gunia na kuteremka Mbamba Bay kufuata ringi za pistoni zilizokuwa zikija kwa boti. "Hapa pasiguswe," alisema. Siku tatu! Mara ya kwanza nilifunua kuchungulia tu. Lakini kwetu sufuria yenye mkwaruzo ilikuwa aibu. Kwa doa moja Mama angekurudisha mtoni na vyombo vyote. Nikaona fundi ameharibu kazi, na mimi ndiye wa kuiokoa. Kila Mama alipokwenda kuchuma kahawa, nilisugua kwa majivu na kipande cha msasa kilichokwisha makali, mpaka nikaona meno yangu ndani ya silinda.

Fundi alirudi akakuta foleni ya akina mama na madebe yao ya mahindi, wakinung'unika. Akafunga mashine mbiombio bila kukagua, na haraka haraka haina baraka. Ikanguruma, nami nikajivuna kimoyomoyo. Siku ya tatu ikaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili. Siku ya tano ikakwaruza kwa sauti ya kutia ganzi meno, ikagoma kabisa. Wateja wakajitwisha madebe wakaenda kwingine, wakisema, "Fundi gani huyu?" Mama akamwambia Fundi Beda asikanyage tena uani kwake. Niliizunguka nyumba sijui mara ngapi, huku Fundi akikusanya spana zake taratibu, moja moja. Mficha uchi hazai, wazee husema, ila mimi sikukumbuka methali yoyote. Niliogopa tu kwamba ataondoka na kosa langu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliisugua kwa majivu."

Fundi hakunifokea. Akamwonyesha Mama mteremko ulio nyuma ya mashine, shamba letu la ngoro, yale mashimo ambayo sisi Wamatengo huyapanga mlima mzima kati ya matuta yanayokatana.

"Mama Agnesi, yale mashimo ulichimba ya nini?"

"Si yashike maji, mvua isiondoke na udongo?"

"Basi na oili inataka pa kushikilia. Ukuta ukiwa laini mno, yote inateremka, chuma kinakula chuma. Huyu mwanao amenifukia ngoro zangu."

Mama akacheka bila kutaka, kisha akanichapa vilevile. Jumapili, nje ya kanisa, alimwomba Fundi radhi mbele ya wote waliomsema. Silinda nyingine ilipopatikana, Fundi alinipa msasa, akanishika kifundo cha mkono na kuniongoza.

Siku hizi kijijini wanasaga kwa umeme, Fundi Beda ni marehemu, na nyumba yangu ya mjini ina vigae ambavyo navisugua kila nikiwa na mawazo, maana kutulia sijajifunza. Krismasi iliyopita nilikuta ile mashine imefunguliwa uani kwa Mama. Nikaingiza kidole ndani ya silinda. Baada ya miaka yote ile ya kusaga, mikwaruzo yetu ilikuwa bado ipo. Vumbi lilikuwa limeijaa, nikaanza kutafuta kitambaa. Mama alikuwa barazani anasugua sufuria zake, wala hakuinua uso.

"Agnesi," akasema, "hiyo iache."