Siku Kompyuta Ilipomkataa Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi, Meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Fundi wa kompyuta yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka. Nilikasirika, tena sana, lakini nilimeza hasira nikaomba nionyeshwe umeme ulipo.

Soko la pamba lilikuwa limeachiwa huria. Wanunuzi binafsi waliegesha malori yao jirani na vituo vyetu, na kiwanda kilitaka kompyuta ipokee mizigo haraka kabla mkulima hajageuza mkokoteni. Meneja hakunificha kitu.

"Mama, msimu ukianza foleni ikasimama, kompyuta inarudi Mwanza na wewe unarudi nayo."

Bosi wangu, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta cha kampuni kule Mwanza, alifuata mbinu ya maporomoko: unakusanya mahitaji, unasanifu, unaandika programu, unakabidhi. Maji yakishashuka hayapandi tena. Wadau, yaani watu ambao mfumo utawagusa, kwake walikuwa Meneja na mhasibu basi. "Mkulima ataukuta tayari," alisema. Mimi nikang'ang'ania tuupeleke kijijini ungali mbichi, watu waujaribu, turekebishe. Hiyo ndiyo mbinu ya mfano wa majaribio. Akakubali shingo upande, akaja nami kijiji cha Nkoma.

Tulipowasha jenereta, wa kwanza kupokelewa alikuwa Kulwa Masanja. Akafuata kijana mwingine na mkokoteni wake, naye Kulwa Masanja. Kompyuta ikagoma: AMESHAPOKELEWA.

"Mayu," kijana akaniambia taratibu, yaani mama kwa Kisukuma, "mimi ndiyo nafika. Aliyepokelewa ni nani?"

Watu wakaangua kicheko. Kwa Wasukuma, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na mzee Masanja alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimzalia mapacha. Programu ilidhani jina la baba linamaliza kila kitu. Kulwa wa pili akaanza kugeuza ng'ombe wa mkokoteni wake.

"Lori la wale wanunuzi halinikatai," alisema.

Niliogopa kwelikweli. Nikamkimbilia. "Subiri, baba! Hapa nyumbani mnawatofautishaje?"

Mama mmoja akadakia, "Yule wa kwanza ni wa Minza. Huyu wangu, mimi Limi."

Jina la mama! Niliketi palepale nikaanza kuongeza nafasi yake kwenye programu. Mkuu wa Kitengo akaja juu.

"Fomu ya kampuni haina mama!"

"Kwani kampuni ilizaliwa na nani?" nikamjibu.

Hata Meneja aliposimuliwa alicheka, safari hii si kwa kunidharau. Niliandika Minza kwa Kulwa wa kwanza na Limi kwa wa pili, na pamba ya huyu ikapokelewa, daraja la safi, lile la juu. Msimu ulipofunguliwa foleni yetu ilitembea, malori ya washindani yakahama kutafuta riziki kwingine, na Mkuu wangu akawa ndiye anayewahubiria wenzake majaribio ya kijijini. Nilishinda, na sioni haya kusema nilishinda!

Sasa nimestaafu, niko zangu Somanda. Vijana wenye kompyuta mpakato huniuliza wadau ni akina nani, wakingoja niwatajie vyeo. Nawasimulia jioni ile ya Nkoma, mizigo ilipokwisha. Limi, asiyejua kusoma, aliniomba nimwonyeshe jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Akalitazama kwa muda, kisha akamwita mke mwenzake.

"Minza, njoo uone. Tumo."