Kitambaa Cheupe cha Chifu

Kila mara chifu alipoulizwa habari ya mahindi ya msaada yaliyofungiwa stoo nyuma ya ofisi yake, alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akajifuta vidole kimoja kimoja, ndipo akasema kwa upole, “Jambo hilo linaangaliwa, mama.” Neno njaa halikutoka kinywani mwake, yeye alisema upungufu. Upungufu! Ndila aliusikia kila baraza, ukame ule wa mwaka wa themanini na nne, mtoto wake akizidi kuwa mwepesi mgongoni. Siku ya kumzika mtoto, chifu alifika, akavua kofia, akasema hali imefahamika huko juu. Watu wakampisha atupe udongo kaburini. Akautazama, akatoa kitambaa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akarudi nyuma bila kuugusa. Ndila alikiona kitambaa kikirudi mfukoni, cheupe vile vile.