Chuma Kilichobaki Jichoni mwa Erasmus

Mwalimu Atuganile alikuwa amefundisha sayansi Manzese miaka kumi na tisa. Kila ilipofika mada ya sumaku, aliifunika sumaku yenyewe kwa karatasi, akanyunyiza juu yake unga wa chuma ambao mumewe, Erasmus, alimletea kutoka karakana yake ya mageti. Unga ulijipanga mistari.

"Mistari ilipobanana ndipo penye nguvu," aliwaambia wanafunzi. "Sumaku ikiwa kali zaidi, mistari inabanana zaidi."

Mwaka huu Erasmus alianza kuumwa kichwa, kisha mkono wa kulia ukawa unaangusha vitu. Daktari aliona uvimbe kwenye ubongo, ila picha haikuwa wazi. Akaandika kipimo cha MRI.

Siku ilipofika, mtaalamu wa mashine aliuliza, "Mzee, umewahi kuingiwa na chuma mwilini?"

"Jichoni, mwaka juzi, nikikata bomba. Maumivu yalikwisha yenyewe."

Wakampiga eksirei. Kachembe kalikuwamo bado, nyuma kabisa ya jicho.

"Hatuwezi kumwingiza," mtaalamu alimwambia Atuganile, aliyekuwa amemsindikiza mumewe. "Mashine hii ni sumaku."

"Kaka yangu, si kadogo kama punje ya chumvi?" Atuganile alisihi.

"Kadogo, mama, lakini sumaku ni kubwa mno. Itakasogeza."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliiona ile mistari, imebanana kuliko yoyote aliyowahi kuichora ubaoni, ikikageuza kale kachuma ndani ya jicho. Mke mwingine angegombana, angedai kumwona mkubwa wao. Yeye alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, akitamani asingeelewa.

Daktari wa macho alisema chuma kinaweza kutolewa, ila huenda jicho likapotea. Na la pili liliharibiwa na surua utotoni.

"Unaonaje, Mama Hope?" Erasmus alimuuliza mkewe walipotoka.

"Sijui, baba."

"Si wewe ndiye mwalimu?"

"Najua kwa nini imeshindikana. La kufanya silijui."

Baada ya wiki tatu Erasmus alikubali kupasuliwa jicho. Chuma kilitoka, nuru haikurudi. Kipimo kikafanyika, uvimbe ukaonekana vizuri: uko mahali ambapo kisu hakifiki.

Siku hizi Atuganile humshika mkono kila asubuhi, akamketisha barazani. Erasmus huuliza kama geti aliloliacha nusu karakanani lingalipo.

"Lipo," humjibu. Lilishamaliziwa na fundi mwingine, likachukuliwa.